Hojaji ya Kujaza kwa Barua Pepe Miongoni mwa Wanataaluma wa Kiswahili: Chombo, Lugha na Ukimya wa Wahojiwa kwa Mtazamo wa Nyakiriba, Rubavu

Ikisiri

Hojaji ya kujaza inayotumwa kwa barua pepe imekuwa njia ya kawaida ya kukusanya data miongoni mwa walimu na watafiti wa Kiswahili waliotawanyika katika nchi za Afrika Mashariki. Makala haya yanafafanua namna hojaji hiyo inavyofanya kazi na mambo yanayoweza kuharibu data yake. Mfano unaorejelewa ni mwalimu wa Kiswahili wa Nyakiriba, katika Wilaya ya Rubavu nchini Rwanda, anayepokea hojaji iliyotungwa katika nchi nyingine. Makala yanajadili mambo manne: chombo kinachobeba maswali, lugha ya maswali yenyewe, uhusiano wa kikazi kati ya mtumaji na mhojiwa, na ukimya wa wasiojibu. Hoja kuu ni kwamba ukimya huo una sababu zinazoweza kuchunguzwa, na kwamba mtafiti asiyeuhesabu huweza kuwasilisha Kiswahili cha wenye intaneti nzuri kana kwamba ni Kiswahili cha kanda nzima.

Istilahi kuu: hojaji, barua pepe, mhojiwa, ridhaa, ukimya

1.0 Utangulizi

Nyakiriba ni mojawapo ya sekta 12 za Wilaya ya Rubavu, katika Mkoa wa Magharibi wa Rwanda. Wilaya hii inapakana na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na mji wake wa Gisenyi umekaribiana na Goma kiasi kwamba watu huvuka mpaka kwa miguu kila siku kwenda sokoni, kazini na kuwatembelea jamaa. Kwa sababu hiyo, mwalimu wa Kiswahili wa eneo hili huishi na Kiswahili cha namna zaidi ya moja. Kipo Kiswahili Sanifu cha muhtasari wa masomo na vitabu vya kiada. Kipo Kiswahili cha upande wa pili wa mpaka, chenye maneno mengi ya asili ya Kifaransa. Kipo pia Kiswahili cha wanafunzi wake, ambacho hubeba sauti na miundo ya Kinyarwanda.

Mwalimu huyu ana umuhimu kwa taaluma yetu kuliko wingi wa kazi zinazomtaja. Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2017 ikakifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Kongo nayo iliingia katika Jumuiya mwaka 2022. Tangu hapo, mtafiti wa istilahi, wa mitaala au wa sera ya lugha hawezi kusema “Afrika Mashariki” akiwa amewasikia watu wa pwani na wa miji mikuu ya mashariki peke yao. Kwa kuwa ruzuku za kusafiri ni chache na umbali ni mkubwa, wengi wetu hutunga maswali, huyaweka katika fomu ya kujaza, na kuwatumia wenzetu kwa barua pepe.

Njia hii ni nafuu na ya haraka. Hata hivyo, unafuu wake hutufanya tuidhanie kuwa ni karatasi ileile iliyobadilishiwa chombo, ilhali sivyo. Katika mahojiano ya ana kwa ana, mhojiwa asipoelewa swali huuliza, naye mtafiti huona uso wake na kusikia kusita kwake. Katika hojaji ya barua pepe, yote hayo hufanywa na maandishi peke yake. Pale maandishi yanaposhindwa, mtafiti hapati taarifa ya kushindwa. Hupata jibu lisilo sahihi, au hapati chochote.

2.0 Usuli: Kutoka Posta hadi Barua Pepe

Kuwatumia wenzetu maswali ya lugha ili wayajaze na kuyarudisha si jambo jipya. Mwaka 1876, Mjerumani Georg Wenker aliwatumia walimu wa shule wa eneo la Rhine orodha ya sentensi, akawaomba waziandike katika lahaja za mahali pao. Kazi hiyo ilipanuka, na kwa njia ya posta alipata majibu kutoka zaidi ya shule 40,000. Wingi huo ulikuwa na gharama yake. Kila mwalimu aliandika sauti za lahaja kwa tahajia aliyoizoea, na mtafiti hakuwa na njia rahisi ya kujua kama tofauti ya herufi ilikuwa tofauti ya matamshi au ya mazoea ya kuandika.

Nchini Ufaransa, Jules Gilliéron alifuata njia nyingine. Kuanzia mwaka 1897 alimtuma mtu mmoja, Edmond Edmont, aliyezunguka katika vituo 639 akiuliza na kuandika mwenyewe kwa mfumo mmoja wa kunukuu sauti. Vituo vilikuwa vichache kuliko vya Wenker, lakini sikio lilikuwa moja. Tofauti ya wanaisimu hawa wawili ndiyo chaguo linalomkabili hata mtumaji wa barua pepe leo: je, anataka wengi wanaojibu kila mmoja kwa namna yake, au wachache wanaosikilizwa kwa karibu?

Katika kanda yetu, uchunguzi mpana unaokumbukwa zaidi ni ule wa matumizi na ufundishaji wa lugha uliofadhiliwa na Wakfu wa Ford kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960. Uchunguzi huo ulihusu nchi tano: Ethiopia, Kenya, Tanzania, Uganda na Zambia. Kitabu kuhusu Kenya kilichohaririwa na Whiteley kilitoka mwaka 1974, na kile cha Tanzania kilichohaririwa na Polomé na Hill kilitoka mwaka 1980. Rwanda, Burundi na Kongo hazikuwamo. Vizazi vya wanafunzi waliosoma vitabu hivyo waliyaona maeneo ya magharibi ya Kiswahili yakiwa nje ya picha. Barua pepe inatupa nafasi ya kulijaza pengo hilo kwa gharama ndogo. Pia inaweza kulirudisha pengo lilelile, safari hii likiwa limefichwa ndani ya asilimia.

3.0 Chombo Kinachobeba Maswali

Hojaji ya kujaza hutumwa kwa namna kuu tatu, na kila namna huchagua wahojiwa wake kabla hata hawajasoma swali la kwanza.

Namna ya kwanza ni maswali yaliyoandikwa ndani ya barua yenyewe. Mhojiwa hubonyeza kitufe cha kujibu na kuandika majibu chini ya kila swali au kwa kufuata namba. Haihitaji programu ya ziada, hufunguka katika simu ya aina yoyote inayopokea barua pepe, na huweza kujazwa bila intaneti na kutumwa baadaye. Udhaifu wake ni kwamba mtafiti hulazimika kunakili majibu kwa mkono, na jina la mhojiwa huonekana daima juu ya barua.

Namna ya pili ni kiambatisho chenye visanduku vya kujaza, aghalabu faili ya PDF au ya Word. Sura yake ni nadhifu na mpangilio wa maswali haubadiliki, lakini hapa ndipo majibu mengi hupotea. Mtu anayefungua faili ya PDF katika simu mara nyingi huiona kupitia kionyeshi cha programu ya barua pepe. Vionyeshi vingine havionyeshi visanduku kabisa. Vingine humruhusu mtu aandike lakini havihifadhi alichoandika. Mhojiwa hutumia nusu saa kujaza, huituma faili, na mtafiti hupokea fomu tupu. Fomu ya Word iliyofungwa ili mhojiwa asibadilishe maswali nayo huweza kukataa kabisa kuandikwa katika simu. Aidha, faili ya Word hubeba jina la mwenye kompyuta katika taarifa zake za ndani, hata pale hojaji inapoahidi kutotaja majina.

Namna ya tatu ni kiungo kinachompeleka mhojiwa katika fomu ya mtandaoni, kama vile Google Forms, LimeSurvey au KoboToolbox. Majibu huingia moja kwa moja katika jedwali, na swali la lazima haliwezi kurukwa. Fomu hiyo inaweza pia kupokea majibu bila kukusanya anwani. Hata hivyo, mhojiwa anahitaji intaneti wakati wa kufungua na wakati wa kutuma. Baadhi ya programu huhifadhi majibu ya nusu pale tu mhojiwa anapokuwa ameingia kwa akaunti yake. Mtandao ukikatika katika swali la 18 kati ya 20, mtu huyo hulazimika kuanza upya, na wengi hawaanzi. Tena, kiungo kutoka kwa mtu asiyefahamika hufanana na viungo vya matapeli, na mhojiwa mwangalifu hukiacha.

Tuchukue mfano wa mwalimu wa Nyakiriba anayesoma barua zake kwa simu baada ya vipindi, kwa kifurushi cha intaneti alichokinunua kwa fedha zake. Kwake, kiungo chenye picha na video ni gharama, kiambatisho cha PDF ni bahati nasibu, na maswali ndani ya barua ni jambo linalowezekana. Mwenzake aliyeko chuo kikuu, mwenye kompyuta na intaneti ya taasisi, huona kinyume chake. Mtafiti akichagua namna moja tu, amekwisha kuchagua ni nani atasikika.

Suluhisho la wastani ni kutuma maswali yaleyale kwa njia mbili, yaani kiungo pamoja na maswali yaliyoandikwa ndani ya barua, na kuweka alama katika data kuonyesha kila jibu lilikuja kwa njia ipi. Kabla ya kutuma, mtafiti aijaze hojaji mwenyewe kwa simu ya bei nafuu, airudishe, na aifungue tena kuona kilichofika. Zoezi hili la robo saa hufichua kasoro nyingi kuliko kikao kirefu cha kuhariri maswali.

4.0 Lugha ya Maswali

Wanataaluma wa Kiswahili huweza kudhani kwamba, kwa kuwa wote wanakijua Kiswahili, lugha ya hojaji haitakuwa tatizo baina yao. Sehemu hii inaonyesha mahali ambapo dhana hiyo hukwama.

4.1 Maswali ya kukanusha

Katika Kiswahili, jibu “ndiyo” kwa swali la kukanusha huthibitisha ukanushi. Akiulizwa “Je, hujawahi kufundisha fasihi simulizi?”, mtu asiyewahi kuifundisha hujibu “Ndiyo”, yaani ni kweli, sijawahi. Lakini mtu aliyezoea kujaza fomu za Kiingereza au Kifaransa huweza kuteua “Hapana” akikusudia maana hiyohiyo. Katika mazungumzo, utata huu huondoka mara moja kwa kuwa msemaji huongeza “sijawahi”. Katika kisanduku cha kuteua hakuna nafasi ya kuongeza neno, na watu wawili wenye historia moja huhesabiwa katika makundi mawili. Katika kanda ambayo wengi walisomea Kifaransa na wengine Kiingereza, kosa hili hufuata mipaka ya nchi, likaonekana kana kwamba ni tofauti halisi kati ya nchi hizo. Kanuni ni rahisi: swali la ndiyo au hapana lisiwe la kukanusha kamwe.

4.2 Mizani ya kadiri

Hojaji nyingi huomba mhojiwa ateue kati ya “kila mara”, “mara nyingi”, “mara kwa mara”, “mara chache” na “kamwe”. Tatizo limo katika “mara kwa mara”. Kwa baadhi ya wasemaji, maneno haya hutaja jambo lisilokatika; kwa wengine ni jambo la hapa na pale. Yakiwekwa kando ya “mara nyingi”, mpangilio wa mizani hupotea. Afadhali kuuliza kwa idadi: “Katika wiki mbili zilizopita, ni vipindi vingapi ulivyotumia kamusi darasani?” Vivyo hivyo, “sina hakika” na “sina maoni” si kitu kimoja. La kwanza ni la mtu anayesita kati ya mawili, la pili ni la mtu asiyehusika. Palipo na nafasi, yote mawili yawekwe.

4.3 Majina ya viwango vya elimu

“Kidato cha nne” nchini Tanzania ni mwisho wa elimu ya sekondari ya kawaida. Nchini Rwanda, ambako elimu ya msingi ni miaka 6 na sekondari ni miaka 3 ya kwanza na 3 ya juu, mwaka wa nne wa sekondari ndio mwanzo wa ngazi ya juu. “Darasa la saba” lipo Tanzania na Uganda, lakini halipo Rwanda. Swali linalotumia majina haya bila maelezo humtaka mhojiwa wa Nyakiriba atafsiri mfumo mmoja kwenda mwingine kichwani mwake, na hakuna anayejua aliutafsiri vipi. Kuuliza idadi ya miaka ya masomo huondoa shaka. Kadhalika, maneno “mwaka huu wa masomo” hayana maana moja: shule za Tanzania na Kenya huanza mwaka wao Januari, ilhali za Rwanda huanza Septemba. Tarehe na miezi itajwe waziwazi.

4.4 Majina ya mahali na alama za tahajia

Jina Nyakiriba huandikwa pia Nyakiliba. Wakazi wa wilaya hii huweza kutaja mahali pao kuwa Rubavu, ambalo ni jina la wilaya tangu mabadiliko ya mipaka ya utawala ya mwaka 2006, au kuwa Gisenyi, jina la mji na la mkoa wa zamani. Kisanduku huria kinachouliza “Mahali pa kazi” kitaleta mahali pamoja kwa majina manne, na programu ya kuhesabu itayaona kuwa mahali panne. Orodha ya kuteua, yenye wilaya na nchi, huzuia jambo hilo. Nafasi huria ya jina la mtaa au kijiji iwe nyongeza tu.

Jambo linalofanana na hilo ni apostrofi. Neno “ng'ombe” huandikwa kwa apostrofi iliyonyooka katika kibodi moja, kwa iliyopinda katika nyingine, na baadhi ya watu hutumia alama ya kiinitoni inayolala upande. Kwa macho ya msomaji, ni neno moja. Kwa programu ya kutafuta, ni maneno matatu. Mtafiti anayehesabu matumizi ya istilahi zenye ng' asawazishe alama hizo kwanza, au atapata idadi pungufu bila kujua. Pia akumbuke kwamba simu iliyowekwa katika Kiingereza au Kifaransa hujaribu kusahihisha maneno ya Kiswahili yenyewe. Kwa sababu hiyo, hojaji ya kujaza haifai kuchunguza makosa ya tahajia wala matamshi. Somo la Wenker bado lipo: tofauti ya herufi iliyoandikwa na mtu wa mbali haitoshi kuwa ushahidi wa tofauti ya sauti.

4.5 Istilahi za chombo chenyewe

Watafiti hawajakubaliana hata kuhusu jina la kitu hiki. Wengine hukiita hojaji, wengine dodoso. Yapo maneno kompyuta, tarakilishi na ngamizi. Yapo nywila na nenosiri. Mwalimu aliyezoea neno “ifishi” la Kinyarwanda, au fomu za Kifaransa, huenda asitambue mara moja maana ya “pakua kiambatisho”. Maelekezo ya kujaza si mahali pa kueneza istilahi mpya. Yatumie maneno yanayoeleweka na wengi, na pale inapobidi yaeleze kwa kitendo: “Bonyeza maneno ya buluu hapo chini, fomu itafunguka.”

5.0 Mwenzetu Akiwa Mhojiwa

Kumtumia hojaji mwenzetu wa kazi si sawa na kumtumia mtu tusiyemjua. Mwenzetu anajua jina letu, cheo chetu, na pengine anajua kwamba kesho tutakuwa wasahihishaji wa makala yake au watahini wa tasnifu ya mwanafunzi wake. Ombi la mkuu wa idara, hata likianza kwa “naomba”, husikika kama agizo. Adabu ya lugha yetu huongeza uzito huo, kwa kuwa ni vigumu kumwambia mwalimu wako wa zamani kwamba hutaki kujibu. Hivyo, wengine hujibu kwa heshima tu, wakiteua majibu wanayodhani mtumaji anayapenda. Jibu la namna hiyo ni hatari kuliko ukimya, kwa kuwa halina alama inayolitofautisha na jibu la kweli.

Tahadhari tatu husaidia. Kwanza, hojaji isitumwe na mtu mwenye mamlaka ya moja kwa moja juu ya wahojiwa. Mwenzake wa taasisi nyingine afanye hivyo kwa niaba yake. Pili, barua iseme wazi kwamba kutojibu hakutaathiri lolote, na mtumaji asiwe na orodha ya nani amejibu na nani hajajibu pale ambapo kiungo kinaruhusu. Tatu, maoni juu ya kazi ya mtumaji mwenyewe, kama kitabu chake au istilahi alizobuni, yasikusanywe na yeye.

Suala la siri linahitaji uangalifu zaidi katika taaluma ndogo kama yetu. Hojaji isiyouliza jina, lakini inayouliza jinsia, sekta, somo na miaka ya kazi, huweza kumtambulisha mtu kikamilifu. Katika sekta kama Nyakiriba, huenda walimu wa Kiswahili wanahesabika kwa vidole, na “mwanamke mwenye uzoefu wa miaka 20” huenda ni mmoja tu. Taarifa za aina hiyo ziulizwe kwa makundi mapana, na matokeo yaripotiwe kwa ngazi ya wilaya au mkoa.

Sheria nazo zimebadilika. Kenya na Uganda zilitunga sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019. Rwanda ilitunga yake, Sheria Namba 058/2021, mwezi Oktoba 2021. Tanzania ikafuata mwaka 2022. Kwa hojaji inayovuka mipaka, mtafiti hushika taarifa za watu walio chini ya sheria zaidi ya moja. Ni wajibu wake kueleza anakusanya nini, kwa lengo gani, ataihifadhi wapi na hadi lini, na kupata ridhaa kabla ya swali la kwanza. Vibali vya utafiti vya nchi husika havifutwi na ukweli kwamba mtafiti hakuvuka mpaka kwa miguu yake.

6.0 Barua ya Mwaliko na Ukumbusho

Barua inayobeba hojaji iwe fupi, iseme mambo sita: nani anauliza, kwa nini, kwa nini yeye aulizwe, itachukua muda gani, siri italindwaje, na mwisho ni lini. Kiolezo kifuatacho kinaweza kurekebishwa:

“Mwalimu mwenzangu, salamu. Mimi ni mtafiti wa Kiswahili. Ninachunguza istilahi za kompyuta zinazotumiwa na walimu wa sekondari wa Rwanda, Uganda, Kenya na Tanzania. Ninakuandikia kwa sababu unafundisha Kiswahili, na matumizi ya eneo lako hayajulikani vya kutosha. Maswali ni 12 na yatachukua takriban dakika 10. Unaweza kujibu kwa kiungo kilicho hapa chini, au kwa kuandika majibu ndani ya barua hii. Ukijibu kwa barua, jina lako litaondolewa kabla ya uchambuzi. Uko huru kutojibu, na kutojibu hakutakuwa na athari yoyote. Mwisho wa kupokea majibu ni Ijumaa tarehe 20 Machi, usiku kabla ya kuingia Jumamosi. Ukiona swali lisiloeleweka, tafadhali niandikie. Nalo hilo litanisaidia.”

Maneno ya mwisho kuhusu muda yameandikwa hivyo kwa makusudi. “Saa 12 jioni” na “saa 18:00” ni wakati mmoja, lakini “saa 12” peke yake humwacha msomaji akijiuliza. Tena Rwanda na mashariki ya Kongo ziko nyuma ya Kenya, Uganda na Tanzania kwa saa moja. Fomu inayojifunga yenyewe usiku wa manane wa Nairobi huwa imejifunga saa 5 usiku wa Rubavu.

Anwani za wahojiwa ziwekwe katika sehemu ya nakala iliyofichwa. Zikiwekwa wazi, kila mhojiwa ataona orodha nzima, na atakayebonyeza “jibu wote” atawatumia wenzake majibu yake bila kukusudia. Ukumbusho mmoja baada ya wiki moja, na wa pili siku chache kabla ya mwisho, hutosha. Ukumbusho wa tatu hugeuka kuwa shinikizo, hasa kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo.

7.0 Kuusoma Ukimya

Majibu yakisharudi, kishawishi ni kuhesabu yaliyopo na kusahau yasiyopo. Tutoe mfano wa kubuni. Tuseme hojaji 80 zimetumwa, 20 kwa kila nchi kati ya Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda. Majibu yaliyorudi ni 40: Tanzania 16, Kenya 14, Uganda 6 na Rwanda 4. Swali lilikuwa kama mhojiwa hutumia neno “nywila” darasani, na 32 wamesema ndiyo. Ripoti itasema kwamba asilimia 80 ya walimu wa Afrika Mashariki hulitumia neno hilo, na pengine kamati ya istilahi itaamua kwa msingi huo.

Tugawanye takwimu hizo. Katika majibu 30 ya Tanzania na Kenya, 28 ni ndiyo. Katika majibu 10 ya Uganda na Rwanda, 4 ni ndiyo. Asilimia 80 imezaliwa na ukweli kwamba nchi mbili zimejibu mara tatu zaidi ya nchi nyingine mbili. Aidha, watu 30 kati ya 40 walioulizwa Uganda na Rwanda hawakusema lolote. Je, barua zao zilirudi kwa kukosa anwani? Ziliingia katika folda ya barua taka? Kiungo hakikufunguka? Waliona istilahi za maelekezo zikiwa ngeni, wakahisi kwamba hojaji haikuwa yao? Sababu hii ya mwisho ni nzito, kwa kuwa mtu asiyelijua neno linalochunguzwa ndiye mwenye uwezekano mkubwa wa kutojibu. Ukimya, basi, unaweza kuwa na uhusiano na jibu lenyewe.

Kila ripoti inayotokana na hojaji ya barua pepe itaje, kwa kila nchi na kwa kila njia, idadi ya barua zilizotumwa, zilizorudi kwa anwani mbovu, majibu kamili, majibu ya nusu, na wasiojibu. Matokeo yaonyeshwe kwa nchi kabla ya kujumlishwa. Kisha mtafiti achague wachache kati ya wasiojibu, akiwa na ridhaa ya kuwasiliana nao, awapigie simu na kuwauliza maswali mawili au matatu ya msingi. Wakitofautiana sana na waliojibu, jumla ya kwanza haiwezi kusimama. Hapa ndipo njia ya Wenker na ya Edmont zinapokutana: wengi kwa barua, wachache kwa sikio.

8.0 Hitimisho

Hojaji ya kujaza kwa barua pepe inafaa kukusanya matumizi yanayotambulika, maoni ya walimu na hali ya ufundishaji katika maeneo yaliyo mbali na mtafiti. Haifai kupima matamshi wala tahajia, na haiwezi yenyewe kutuambia kwa nini mtu amenyamaza. Mtumaji anayeijaribu kwa simu, anayeepuka maswali ya kukanusha, anayetaja tarehe, miaka na mahali bila utata, anayemwachia mwenzake uhuru wa kukataa, na anayeripoti wasiojibu, atapata data inayoweza kuhimili maamuzi.

Maamuzi hayo yana uzito. Istilahi zinazoingia katika vitabu vya kiada na sera za lugha za Jumuiya zinaendelea kuegemea tafiti za aina hii. Uchunguzi wa nusu ya pili ya karne ya 20 uliiacha Rwanda nje kwa sababu haikuwa miongoni mwa nchi zilizochaguliwa, na jambo hilo lilionekana wazi katika majina ya vitabu vyake. Leo Rwanda imo katika orodha ya anwani. Kama mwalimu wa Nyakiriba amo pia katika matokeo, hilo litategemea kazi anayoifanya mtafiti kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma na baada ya majibu ya kwanza kurudi. Inapendekezwa kwamba wahariri wa majarida na wa kumbukumbu za makongamano ya Kiswahili waitake idadi ya wasiojibu, iliyogawanywa kwa nchi, iwe sharti la kuchapisha makala yoyote yenye msingi wa hojaji ya barua pepe.